Akka na Kipaza Sauti cha Veerampattinam

Kipaza sauti kilifungwa juu ya mlingoti wa chuma, na kila jioni kabla ya kutoa neno kilikohoa mara mbili. Watoto waliokuwa wakifukuzana mchangani walisimama. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliinua vichwa huku vidole vikiendelea na kazi. Kisha ikatoka sauti ya Akka, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayehesabu fedha mbele ya mwenyewe: alai, mawimbi; kaatru, upepo; kisha tarakimu, kisha upande. Akamaliza, akarudia yote tangu mwanzo. Kipaza sauti kikazimwa, na pwani nzima ikaanza kubishana.

Hapo ni Veerampattinam, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji wa Pondicherry, India ya kusini, mwaka 1999. Nilikuwa na miaka 23. Nilizaliwa pwani ya Pangani, baba yangu mvuvi wa ngalawa, na nilikuwa nimepata ufadhili wa Serikali ya India kusomea takwimu katika chuo kimoja cha Chennai, mji ambao wazee walikuwa bado wanauita Madras. Likizo mbili mfululizo nilizimalizia Pondicherry, nikiandika kwenye daftari nani ameingia katika chumba cha kompyuta cha kijiji, saa ngapi, na amekuja kuuliza nini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Lakini sijafanya nyingine iliyonikaa moyoni kama ile.

Akka maana yake dada mkubwa. Kwa Watamil, kama kwetu, mtu mzima haitwi kwa jina kavu. Mimi waliniita thangachi, mdogo wao wa kike, tangu siku ya pili, na mama mkwe wa Akka alinitengea mkeka kabla sijajua kusema asante. Nitaendelea kumwita Akka, kwa sababu ndivyo nilivyomwita na ndivyo ninavyomwita hadi leo kwenye simu.

Kabla ya kufika kwake lazima nimtaje mzee aliyefanya kipaza sauti kile kiwepo, maana bila yeye kisa hiki kingekuwa cha mlingoti na waya tu.

Monkombu Sambasivan Swaminathan alizaliwa mwaka 1925 katika mji wa Kumbakonam, mtoto wa daktari wa upasuaji. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 11, na ukoo mzima ulitarajia kijana asomee udaktari ashike hospitali ya familia. Mwaka 1943 njaa ikaingia Bengal. Walikufa watu kati ya milioni mbili na tatu. Kijana yule akaiacha njia ya udaktari akaenda kusomea kilimo. Alipata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1952, akafanya utafiti Marekani, akarudi kwao akiwa mtaalamu wa urithi wa mimea. Wanaomjua wanamjua kwa ngano: yeye ndiye aliyeshirikiana na mwanasayansi wa Marekani Norman Borlaug kuingiza India ngano fupi isiyolala chini ikibeba masuke mazito. Mwaka 1966 India iliagiza kutoka Mexico tani 18,000 za mbegu hiyo, na miaka miwili baadaye maghala yalikuwa yamefurika hata madarasa ya shule yakageuzwa stoo za nafaka.

Nilimsikia akizungumza Chennai, katika taasisi yake iliyoko Taramani, ambayo aliianzisha mwaka 1988 kwa fedha za Tuzo ya Chakula Duniani. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea, mwaka 1987. Mwalimu wetu wa takwimu alitupeleka darasa zima. Nilikwenda kwa kufuata wenzangu, nikatoka nimebadilika. Alieleza jinsi, katikati ya miaka ya 1960, wanasayansi walivyopanda mbegu mpya katika mashamba ya maonyesho, na jinsi yeye alivyosisitiza mashamba hayo yawe ya wakulima wadogo. Wakulima wakubwa wangefanikiwa, jirani angesema, ni pesa zao hizo. Lakini akiona ngano imesimama katika kishamba cha mtu maskini kama yeye, hana la kujitetea. Mzee alikuwa na miaka zaidi ya sabini wakati ule, na sasa alikuwa anataka kufanya jambo hilohilo kwa kompyuta.

Kalamu yangu ilisimama hapo. Nilikuwa nimeshaona kompyuta Dar es Salaam. Zilikaa katika vyumba vyenye mapazia na baridi, zimefunikwa vitambaa kama makochi ya wageni. Sikuwahi kufikiri kwamba mashine ile ingeweza kupandwa katika kishamba cha mtu maskini.

Mradi ulianza Januari 1998, kwa fedha za IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo. Kitovu chake kilikuwa Villianur, mji mdogo magharibi mwa Pondicherry, na kutoka hapo vijiji viliunganishwa kimoja kimoja. Aliyeuongoza kazini alikuwa V. Balaji, na mtaalamu wa habari Subbiah Arunachalam aliandika kuuhusu na kuutetea kila alipopata nafasi. Simu za mezani zilikuwa chache na mbovu, kwa hiyo walifunga redio za VHF zilizoweza kubeba sauti na maandishi. Umeme ulikatika kila siku, kwa hiyo juu ya mapaa waliweka mitambo ya jua. Kompyuta ziliandika Kitamil. Mambo haya leo yanaonekana ya kawaida. Mwaka 1998 kila moja lilikuwa vita.

Masharti waliyowapa wanakijiji ndiyo niliyoyapenda kuliko mitambo yote. Kijiji chenyewe ndicho kilichotakiwa kuomba. Kijiji kitoe chumba na kilipie umeme, taasisi ilete vifaa. Chumba kiwe mahali pa watu wote, ambapo hakuna wa tabaka lolote anayeweza kuzuiwa mlangoni. Waendeshaji wachaguliwe na wanakijiji wenyewe, na wanawake wawemo kwa wingi. Na kabla ya kompyuta kuwashwa, watu waulizwe: mnataka kujua nini? Hili la mwisho lilichukua miezi. Waliketi na wakulima, wavuvi na vibarua wasio na ardhi, wakaandika majibu yao, ndipo wakajua cha kuweka ndani ya mashine.

Nenda Embalam, niliambiwa, ukaone. Nikaenda. Pale hekalu la kale lina milango miwili. Wa kwanza unaingia mahali pa ibada, na mlango huo haukuwa wa kila mtu: watu wa tabaka la chini kabisa walikuwa wakiishia nje, na mwanamke aliye katika siku zake pia. Wa pili unaingia katika chumba cha kompyuta, na huo ulikuwa wa kila mtu. Hatua chache tu zilitenga milango hiyo. Nilikaa kwenye kizingiti asubuhi nzima nikiandika, na nikaona wanawake waliozoea kusimama mbali wakivua ndara, wakiingia, wakikaa kwenye benchi moja na wengine kusubiri zamu. Wala hawakuangalia huku na huku. Walikuwa wamezoea tayari. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka mkono.

Nilisikia pia habari za kijiji kingine ambako chumba kilihamia nyumbani kwa mtu, na wale wa tabaka la chini wakaacha kwenda. Mitambo ilifanya kazi vizuri kabisa, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na waendeshaji wa mradi wakakifunga kituo. Nilipoambiwa hivyo niliona ni ukali uliopita kiasi. Ilinichukua miaka, na tukio la kwetu ambalo nitalisimulia, kuuelewa.

Waliokuja kwenye vituo waliuliza mambo ambayo sikuyatarajia. Wachache walitaka habari za dunia. Walitaka bei ya mpunga katika masoko matatu ili wajue lori lipelekwe wapi. Walitaka kujua daktari wa ng'ombe yuko zamu siku gani, basi la mwisho linapita saa ngapi, matokeo ya mitihani ya shule. Walitaka zaidi ya yote haki zao serikalini: fedha za wajane, mikopo ya mbegu, na ile orodha ya kaya zinazohesabiwa kuwa maskini, ambayo ndiyo mlango wa misaada yote. Orodha hiyo ilikuwa inakaa ofisini. Mradi uliipata ukaiingiza katika kompyuta za vijiji. Nilikuwepo mama mmoja mjane alipokuja kusomewa. Msichana wa kituo alishuka na kidole kwenye kioo, jina baada ya jina, na mama akatulia kimya. Jina lake lilikuwepo. Miaka yote alikuwa ameambiwa halipo. Aliondoka bila kusema neno, akarudi mchana na nazi mbili, akaziweka mezani kando ya kompyuta.

Kila wiki mbili walitoa gazeti dogo la Kitamil, Namma Ooru Seithi, maana yake habari za kijiji chetu. Asiyejua kusoma alisomewa. Nililipeleka moja nyumbani, baba akalipindua huku na huku akauliza, hawa nao ni wavuvi?

Walikuwa wavuvi. Veerampattinam ilikuwa kama kwetu mpaka harufu. Vyombo vyao vya zamani ni kattumaram: magogo kadhaa yamefungwa pamoja kwa kamba, basi. Kattu ni kufunga, maram ni mti. Wazungu walilichukua neno hilo wakalifanya lao. Nilipoona mtu ameketi juu ya magogo yale, maji yakimpita miguuni, anaelekea mahali ambapo ukingo wa mbingu umekuwa mweusi, nilimkumbuka mjomba wangu. Mwaka 1991, katikati ya kusi, alitoka diko alfajiri na vijana wawili. Ulipatikana mrengu mmoja wa ngalawa, siku ya nne, mbali sana. Hakuwa mjinga wa bahari. Alijua nyota, alijua bamvua na maji mafu, alijua kilimia kinasema nini. Upepo uliomchukua ulizaliwa mbali kuliko macho yanavyofika, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Pale Veerampattinam alikuwepo. Kila siku kituo cha Villianur kiliingia kwenye intaneti, kwa modemu iliyolia kama kifaranga, na kuchukua ramani ya Jeshi la Majini la Marekani. Ilionyesha Ghuba ya Bengal yote, kimo cha mawimbi na mwelekeo wa upepo kwa saa zijazo. Ramani ile ilitengenezwa kwa ajili ya manowari. Ikatumwa kwa redio mpaka chumba cha Akka, yeye akaisoma, akaiandika upya kwa mkono wake katika daftari la mistari, kwa Kitamil cha pwani, kisha akawasha kipaza sauti.

Neno hilo, Kitamil cha pwani, ndilo lililokuwa na kazi yote. Mwanzoni, aliniambia, alisoma kama ilivyoandikwa: mita mbili na nusu. Wazee wakamjia. Mita mbili na nusu ni kiasi gani, binti yetu? Akachukua kijiti, akapima ukutani. Wakasema ukuta hauyumbi. Basi akashuka nao ufukoni akasimamisha mtu, akamwambia ainue mkono. Tangu siku hiyo mawimbi yake yalikuwa na kimo cha mtu: mpaka kiunoni, mpaka kichwani, mtu na mkono wake juu. Tarakimu aliendelea kuzisoma pia, kwa vijana wenye boti za mashine waliozitaka. Lakini nilipokuwa nikiwauliza wazee na kuandika majibu, hakuna aliyenitajia mita. Walinionyesha kwa mkono.

Siku moja ramani ilisema bahari ni shwari. Akka alikuwa ameshaandika na ameshika swichi. Mzee mmoja aliyekuwa na jicho moja bovu akaja mlangoni akasema hapana, mawimbi marefu yanakuja kutoka kusini-mashariki, ameyaona yakivunjika kwa nafasi isiyo ya kawaida. Kuna waliocheka. Akka hakucheka. Aliwasha kipaza sauti akasoma ramani kama ilivyo, akanyamaza kidogo, akasema: na mzee wetu fulani anasema hivi. Akamtaja kwa heshima zake zote. Mchana ule walitoka wachache. Jioni bahari ilichafuka, na waliotoka walirudi kwa shida. Niliandika kisa hicho kwenye ripoti yangu nikidhani Villianur watakasirika kwamba mwendeshaji ameongeza maneno yasiyo kwenye data. Walifurahi. Walisema elimu ikishuka tu bila kupanda, ni amri.

Nilirudi nyumbani mwaka 2001 na shahada, kaseti moja yenye sauti ya Akka akisoma mawimbi, na anwani ya baruapepe ya kituo cha Villianur. Nikapata kazi ya takwimu Dar es Salaam. Nilijumlisha mambo mengi miaka ile. Bahari haikuwemo.

Sasa nafika siku ambayo nimeiandika na kuifuta mara nyingi.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Nilikuwa Kinondoni kwa dada yangu, sikukuu, nyumba imejaa watoto. Kabla ya saa kumi alfajiri kwa saa zetu, chini ya bahari karibu na Sumatra, ardhi ilikuwa imepasuka. Sisi tulikuwa tumelala. Asubuhi redio ikaanza kusema: tetemeko, mawimbi makubwa, Indonesia, Sri Lanka, India ya kusini. Nilipowasikia wakitaja pwani ya Tamil Nadu niliacha unga kwenye sinia. Nikaanza kupiga simu. Nilikwangua vocha moja baada ya nyingine, na kila mara sauti ya mwanamke ilisema laini haipatikani. Nilimwona Akka, nilimwona mama mkwe wake na mkeka wake, nilimwona yule mzee wa jicho moja. Watoto wa dada wakaja kuomba ruhusa ya kwenda Coco Beach. Nikawapa hela ya muhogo, simu ikiwa sikioni, nikawaambia wasichelewe.

Niliwaruhusu waende baharini.

Mawimbi yalichukua zaidi ya saa nane kutoka Sumatra hadi kwetu. Saa nane! Pondicherry walikuwa na saa mbili na kidogo. Kenya, polisi na redio waliwahi kuwaondoa watu kwenye fukwe, na akafa mtu mmoja. Somalia walikufa watu karibu 300. Tanzania walikufa wasiopungua kumi, wengi wao waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam mchana ule wa sikukuu. Watoto wa dada yangu walirudi na macho makubwa. Walisema maji yalikimbia yakaacha mchanga mtupu, samaki wadogo wakirukaruka, halafu yakarudi kwa hasira, yakakimbia tena. Walikuwa wamekaa juu, kwa muuza muhogo, kwa sababu yule wa mwisho alikuwa na njaa. Sina maelezo mengine ya kwa nini wako hai.

Habari niliyoihitaji ilikuwa sikioni mwangu tangu asubuhi. Mimi niliyeketi miezi kando ya kipaza sauti kile, mtoto wa mvuvi, mwanatakwimu, niliisikia nikaielewa kuwa ni ya watu wengine. Bahari yenyewe ni moja, na wazee wetu wameipita kwa jahazi, kwa kaskazi na kwa kusi, tangu karne nyingi. Sikuiona. Hakuna aliyesimama mtaani kwetu akasema kwa Kiswahili cha kawaida: maji haya yanakuja, toeni watoto.

Wiki sita baadaye ndipo nilipopata jibu la baruapepe. Akka alikuwa hai. Boti ya mumewe ilikuwa imekwenda. Na walinisimulia habari ya Nallavadu, kijiji jirani chenye kituo kama cha Veerampattinam, ambayo baadaye ilienea duniani. Kijana wa kijiji hicho alikuwa akifanya kazi Singapore. Alisikia taarifa za tetemeko na mawimbi, akapiga simu nyumbani. Wakamwambia maji yameanza kuingia. Akawaambia wakimbie, na wawaambie wengine. Kituo kilikuwa kimefungwa asubuhi ile. Wakavunja mlango, wakawasha kipaza sauti kilekile cha kusoma mawimbi ya kila siku, wakapiga kelele. Watu waliondoka mara moja. Nyumba nyingi na boti nyingi ziliharibiwa. Kati ya wakazi zaidi ya 3,000 hakufa hata mmoja.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo la watu kuondoka mara moja. Kipaza sauti kinaweza kununuliwa siku yoyote. Lakini pale Nallavadu kilikuwa kimesema kweli kila siku, kuhusu mambo madogo, upepo wa kesho, bei ya samaki, basi la mwisho. Kiliposema kimbieni, nani angekidai uthibitisho tena?

Mzee Swaminathan naye, katika siku zile, aliwakumbusha watu jambo alilolipigania miaka mingi: vijiji vya Pichavaram, pwani hiyohiyo, vilivyokuwa nyuma ya mikoko viliumia kidogo kuliko vilivyokuwa wazi. Taasisi yake ilikuwa imeitafiti na kuipanda mikoko ile. Watu wa Rufiji na Kilwa hawahitaji kuelezwa mkoko unafanya nini. Lakini niliposoma nilifurahi kuona mbegu, mkoko na kompyuta katika mikono ya mtu yuleyule.

Mwaka 2008 mradi mmoja ulileta kompyuta sita katika wilaya moja ya pwani, kwa ajili ya wakulima na wavuvi, na mimi nikaombwa nisaidie kuandaa takwimu. Nililia kwa furaha, kweli. Chumba kilipakwa rangi, kikafungwa kiyoyozi. Kilikuwa ndani ya uzio wa ofisi, na getini kuna mlinzi aliyeuliza kila anayeingia ameitwa na nani. Ufunguo ulikuwa na afisa mmoja, na afisa alikuwa mtu wa semina. Nilikwenda na baba, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alikaa mbele ya kioo akaniuliza, inasema nini kuhusu kusi? Hapakuwa na chochote kuhusu kusi. Palikuwa na maelezo ya mradi, kwa Kiingereza. Baba akashukuru, kwa sababu ni mtu wa adabu, na tukatoka. Ndipo nilipowaelewa wale waliokifunga kituo kizuri kwa sababu ya mlango. Nilisema hivyo katika ripoti yangu. Sikuitwa tena.

Baba alifariki mwaka 2015, kitandani kwake, alhamdulillahi, nje ya bahari.

Siku hizi simu imefika kila mahali, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa bahari ambao baba hakuwahi kuuota. Wengi wanadhani kazi imekwisha. Kila kijana ana kioo mfukoni, basi. Mimi nakwenda diko kila nikirudi nyumbani, na bado namwona mzee mwenye simu ya tochi akimwuliza mwenzake mwenye simu ya tochi. Utabiri unakuja na picha, na mshale, na kilomita kwa saa. Mtoto wa kaka yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, ndiye anayeusoma. Nilimpa kaseti ya Akka asikilize. Hakuelewa neno hata moja, lakini aliuelewa mwendo. BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia ufuko, ilinunua kipaza sauti cha mkononi kwa fedha zao. Anasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mawimbi anayapima kwa mrengu: chini ya mrengu, sawa na mrengu, yanapita tanga. Hayo aliyabuni mwenyewe na wazee.

Septemba 28, 2023, mzee Swaminathan alifariki Chennai, akiwa na miaka 98. Nilipata habari kwa binti ya Akka, aliyenitumia picha ya mama yake, nywele nyeupe tupu, amesimama chini ya mlingoti. Nikapiga simu. Kiingereza chake kilikuwa kimechakaa na Kitamil changu kimekufa, lakini tuliongea. Tulilia kidogo. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu anayewasomea wavuvi. Nikamwambia yupo, binti ya kaka.

Akauliza, anasoma saa ngapi?

Saa kumi na mbili jioni, Akka, kama wewe.

Akanyamaza kidogo, nikasikia kunguru wa Veerampattinam nyuma yake. Mwambie asome na alfajiri pia, thangachi, akasema. Upepo wa jioni ukilala, unaoamka siyo ule.